Tenda: Kwa Nini Jengo Linasimama Kwenye Linta?



Swali hili limeletwa na vikundi kadhaa, na karibu kwa maneno yale yale: "Tuliambiwa tenda ya dispensari imepewa kontrakta wa bei ya chini. Msingi ukachimbwa haraka, kuta zikapanda mpaka kwenye linta, halafu watu wakapotea. Sasa ni mwaka wa pili, mbuzi ndio wanalala ndani. Nani amekula pesa?"

Jibu la haraka, lile la barazani, ni kwamba kontrakta ni mwizi na ofisa ni mwizi mwenzake. Mara nyingine ni kweli. Lakini jengo linaweza kusimama kwenye linta bila mtu yeyote kuiba hata shilingi moja, kwa sababu tu ya namna bei ilivyoandikwa siku ya tenda. Kikundi kinachojua bei hiyo inavyotengenezwa kitaona dalili mapema, wakati bado kuna la kufanya. Kikundi kisichojua kitabaki kuhesabu mbuzi.

Somo ni refu kidogo. Afadhali mlisome katika mikutano miwili, na mwe na kalamu na karatasi. Mwenye kijana wa sekondari amlete asaidie kwa hesabu. Bei zote nilizoandika za saruji, mafundi na kazi ni za mfano tu, ili tuelewane. Msiende nazo kwa kaunti mkasema ndizo bei za serikali.

Mnada uliopinduliwa

Mmefika mnada wa ng'ombe. Ng'ombe ni mmoja, wanunuzi ni wengi, na anayetaja bei ya juu ndiye anayeondoka ameshika kamba. Tenda ya ujenzi ni mnada huo uliopinduliwa. Mnunuzi ni mmoja, yaani wizara, kaunti au shule, wauzaji ni wengi, na anayetaka pesa kidogo ndiye anayepewa kazi. Tofauti nyingine ni kwamba pale mnadani kila mtu anasikia mwenzake amefika wapi. Kwenye tenda kila kontrakta anaandika bei peke yake na kuifunga, na saa ya kufungua ikifika hawezi tena kuibadilisha. Kwa hiyo anaandika huku akikisia mambo mawili pamoja: kazi itamgharimu kiasi gani, na wale wengine wataandika nini.

Hapa Kenya jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Kifungu cha 86 kinasema kwamba katika tenda ya kawaida mshindi ni mwenye bei ya chini kabisa iliyotathminiwa. Neno hilo la mwisho watu hulisahau. Kwanza hutazamwa karatasi: kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ile NCA, katika daraja linalofaa (yako madaraja 8, na la 1 ndilo la juu), kama amelipa kodi, kama sahihi zipo mahali pake. Halafu hutazamwa uwezo wake: mashine, mafundi, kazi alizowahi kufanya. Wanaopita hapo ndio wanaolinganishwa kwa bei. Basi mkisikia mtu wa bei ya chini ameachwa, msipige kelele kabla ya kuuliza aliangukia wapi. Huenda ni haki, huenda si haki, lakini sababu lazima iwepo kwa maandishi.

Ndani ya bei kuna nini

Tuchukue dispensari ndogo ya vyumba vitatu. Kontrakta mwangalifu anakaa chini na kuhesabu hivi.

Mawe, saruji, mchanga, kokoto, nondo, mbao, mabati, milango na madirisha: tuseme 1,500,000. Mafundi na vibarua: 550,000. Lori, maji, kukodi mashine ya kuchanganya zege, mlinzi na stoo ya mabati: 200,000. Hiyo ndiyo gharama ya pale kwenye mjengo, jumla 2,250,000, na wanakikundi wengi wakifika hapa huona hesabu imekwisha.

Haijaisha. Kontrakta ana ofisi mjini, ana karani, ana leseni za kila mwaka. Tena amejaza tenda kumi na kupata moja. Gharama ya zile tisa alizokosa ataitoa wapi kama si katika hii moja? Tuseme kwa hayo yote anaweka 135,000. Sasa tuko 2,385,000.

Halafu kuna kungoja. Kontrakta ananunua saruji leo kwa pesa taslimu, na serikali inamlipa siku itakayopenda. Kufikia Juni 2023, madeni ambayo serikali za kaunti hazijawalipa watu yalikuwa yamepita shilingi bilioni 160. Kontrakta anajua hayo kuliko mimi na wewe. Akikopa 1,500,000 benki kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, na akangoja miezi 8, riba peke yake ni 180,000. Ataiandika, ingawa hutaiona mahali popote imeandikwa "kungoja". Itakuwa imejificha ndani ya bei ya mawe na mabati. Hapa niseme wazi: kaunti isiyolipa kwa wakati inajiongezea bei ya kila kalavati na kila darasa, na anayebeba mzigo huo ni mlipa kodi yule yule anayelalamika kwamba makontrakta ni ghali.

Tumefika 2,565,000. Kuna hatari pia: mvua, mwamba chini ya msingi, saruji kupanda bei. Sheria hairuhusu bei ya mkataba kuongezwa katika miezi 12 ya kwanza baada ya sahihi, kwa hiyo kontrakta anajiwekea akiba mapema, tuseme 85,000. Ni 2,650,000. Mwisho kabisa ndiyo faida. Akitaka asilimia 8 ni 212,000, na bei yake kabla ya VAT inakuwa 2,862,000.

Ile asilimia 8 ndiyo inayopanda na kushuka kuliko vitu vyote. Akisikia kwamba watu wawili tu wamechukua fomu, ataandika asilimia 20 bila wasiwasi. Akisikia kumi na watano, ataishusha mpaka 4 au 3. Kama mashine zake zimelala bila kazi na mafundi wake wazuri wanataka kumkimbia, anaweza hata kuandika sifuri ili mwaka upite. Ndiyo maana tangazo la tenda lililofichwa, au lililopewa siku chache mno, ni hasara hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawasawa. Wachache wakijitokeza, bei hupanda.

Sasa tuseme bahasha ya pili inafunguliwa na bei ni 2,250,000. Ni gharama ile ile ya mjengo, bila ofisi, bila riba, bila faida. Watu wanapiga makofi. Je, mngepiga?

Yako majibu mazuri. Huenda ana lori lake na mashine yake mwenyewe. Huenda anachonga mawe ya shamba lake, au ana kazi nyingine umbali wa kilomita mbili na vyombo viko tayari. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kushinda, na huo ndio uzuri wa ushindani. Lakini yako majibu mengine matatu: amekosea hesabu, au anatarajia kuongezewa huko mbele, au hana nia ya kufika mwisho.

Kikombe cha maharagwe

Tuanze na kukosea, maana kuna jambo hapa ambalo hata wasomi walichelewa kuliona.

Fanyeni hivi kikundini. Mwenyekiti ajaze maharagwe kwenye kikombe kikubwa nyumbani, ayahesabu, aandike idadi na kuificha. Aje na kikombe kile, kila mwanakikundi akitazame bila kukigusa, kisha aandike kwenye karatasi anavyokisia, bila kushauriana. Mkifungua karatasi mtaona wengine wamezidisha, wengine wamepunguza. Ukichukua makisio yote ukayagawanya kwa idadi ya watu, huenda msiwe mbali sana na ukweli. Sasa chukueni karatasi yenye idadi ndogo kuliko zote. Huyo ndiye mshindi wa tenda. Mhesabieni maharagwe yake, na ayamimine kwenye kikombe kingine kama kile. Kitajaa?

Karibu kila mara hakijai, na mtu huyo hakudanganya. Alikisia tu kama wengine. Ni utaratibu wa kuchagua wa chini kabisa ndio uliomtafuta yule aliyekosea zaidi upande wa chini. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta huko Marekani walieleza jambo hili hili. Kampuni zilizokuwa zikishindania sehemu za kuchimba mafuta baharini zilikuwa zikishinda, halafu zinajikuta na faida ndogo kuliko zilivyotarajia, kwa sababu anayeshinda ni yule aliyekisia kwamba mafuta ni mengi kuliko yalivyo. Kwao ilikuwa bei ya juu, kwetu ni bei ya chini, lakini mtego ni mmoja.

Kontrakta mzoefu anaujua mtego huu hata kama hajausoma popote. Anajiuliza, "Nikishinda hawa kumi na watano wote, maana yake ni nini? Kwa nini wote waliona kazi ni ghali kuliko nilivyoona mimi?" Kwa hiyo huongeza kidogo. Mgeni kwenye kazi, au mwenye njaa, haongezi.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusimtupe yule wa chini kabisa na kuchukua wa katikati? Italia ilijaribu dawa ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1990. Bei zilizokuwa chini mno ya wastani ziliondolewa zenyewe bila mjadala. Makampuni yakajifunza haraka. Yakaungana katika vikundi na kupeleka bei nyingi kwa mpango, ili kuuvuta wastani kule yanakotaka, na mwaka 2008 mahakama ya mji wa Torino ikawatia hatiani wenye makampuni kwa mchezo huo. Ukibadilisha kanuni ya mnada, wanaokuja mnadani nao hubadilika. Kenya imechukua njia nyingine: katika hati za kawaida za tenda, bei ikionekana ya chini kupita kiasi, ofisi inaweza kumtaka kontrakta aeleze kwa maandishi ataimalizaje kazi kwa pesa hizo. Ni haki yenu kuuliza kama maelezo hayo yaliombwa.

Siri iko kwenye BQ

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye jibu la lile swali la linta.

Siku ya kufungua tenda husomwa jumla moja. Kifungu cha 82 kinasema jumla hiyo iliyosomwa ni ya mwisho, haisahihishwi wala haiguswi na mtu. Lakini nyuma ya jumla kuna kurasa ndefu ambazo mafundi huziita BQ, yaani orodha ya kila kazi, kipimo chake, bei ya kipimo kimoja na jumla yake. Vipimo vimeandikwa na mhandisi wa serikali. Bei zimejazwa na kontrakta, na pale ana uhuru mkubwa.

Mchezo wa kwanza ni huu. Mhandisi ameandika kuchimba msingi mita 100 za ujazo. Kontrakta ametembelea mahali, ameona mteremko na udongo laini, na anajua itafika 160. Bei ya haki ya kuchimba ni 600 kwa mita. Yeye anaandika 1,100. Jumla yake imepanda kwa 50,000, naye hataki ipande. Kwa hiyo anakwenda kwenye plasta, mita 500 za mraba, ambayo bei yake ya haki ni 450, anaandika 350. Imeshuka kwa 50,000. Jumla ya tenda haijatikisika. Kazi ikianza na mita za kuchimba zikafika 160, atalipwa 176,000 kwa kuchimba na 175,000 kwa plasta, jumla 351,000. Kwa bei za haki angelipwa 96,000 na 225,000, yaani 321,000. Shilingi 30,000 zimezaliwa kutokana na macho tu: yeye aliona alichokosa kuona mhandisi.

Sheria imeweka ukuta kiasi. Kazi za ujenzi haziwezi kuongezwa vipimo kupita asilimia 20, na mabadiliko yote pamoja hayawezi kuzidisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Lakini ndani ya ukuta huo bado kuna nafasi ya kucheza, na anayechezewa ni yule ambaye hakupima vizuri mwanzoni. Kamati ya mradi inayomtembeza mhandisi kwenye kiwanja na kumwonyesha maji yanapopita na mwamba ulipo imeokoa pesa kabla tenda haijatangazwa.

Mchezo wa pili ndio mkubwa. Yule wa 2,250,000 anajua kwamba nusu ya gharama ni mpaka kwenye linta, yaani 1,125,000, na nusu nyingine ni paa, sakafu, plasta, milango na rangi. Kwenye BQ anazijaza bei za juu kazi za mwanzo na za chini kazi za mwisho. Mpaka kwenye linta anaandika 1,600,000. Zilizobaki anaandika 650,000. Jumla ni ile ile iliyosomwa mbele za watu.

Sasa hesabuni pamoja naye akiwa amesimama kwenye linta. Amestahili kulipwa 1,600,000, ofisi imebakiza asilimia 10 kama kawaida, yaani 160,000, kwa hiyo mkononi ana 1,440,000. Ametumia 1,125,000. Amebaki na 315,000. Akiondoka leo, atapoteza pia dhamana ya utekelezaji. Kisheria dhamana hiyo haizidi asilimia 10 ya mkataba, kwa hiyo hapa ni 225,000. Bado ana 90,000. Akikaa na kumaliza, atatumia 1,125,000 nyingine ili apate 650,000 zilizoandikwa pamoja na pesa zake zilizobakizwa, na mwisho wa yote mfukoni mwake ni sifuri.

Ndugu zangu, mtu huyu amewekewa njia mbili, ya shilingi 90,000 na ya sifuri. Wengine watamaliza kwa ajili ya jina lao na kazi za kesho. Wengine hawatamaliza. Na kama hakukuwa na dhamana yoyote, au ilikuwa karatasi ya bandia kutoka kwa bima isiyojulikana, njia ya kuondoka ina 315,000.

Ndiyo sababu ni kwenye linta, na si kwenye msingi au kwenye rangi. Linta ndipo kazi za bei nzuri zinapokwisha. Hati za kawaida za tenda zinataja ujanja huu waziwazi, na zinaipa ofisi ruhusa ya kudai maelezo ya bei hizo na kutaka dhamana kubwa zaidi kabla ya kutia sahihi. Ruhusa hiyo haina faida kama hakuna anayefungua ukurasa wa pili.

Wakikutana hotelini

Mpaka sasa tumesema kana kwamba kila mmoja anaandika peke yake. Sivyo daima. Mwaka 2013 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba makampuni 15 ya ujenzi yamekubali kulipa faini ya jumla ya randi bilioni 1.46. Yalikuwa yamegawana kazi kwa siri, zikiwemo za viwanja vya Kombe la Dunia la 2010. Walikutana, wakaambiana nani atashinda wapi, na wengine wakaandika bei za juu kwa makusudi ili ionekane palikuwa na mashindano. Hizo ni bei za kusindikiza. Aliyekubali kushindwa mara nyingine alipewa kifuta jasho. Uingereza nako, mwaka 2009, makampuni 103 ya ujenzi yalitozwa pauni milioni 129 kwa kupeana bei za kusindikiza. Kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa Afrika.

Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kupanga tenda, na hati ya tenda ina cheti ambacho kila kontrakta hutia sahihi kwamba bei yake hakushauriana na mshindani. Mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani iliyatoza makampuni 9 ya chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei pamoja. Nondo za dispensari yenu zimo humo. Hata kontrakta mwaminifu hawezi kuandika bei nzuri kama bei ya chuma imeshapangwa kabla hajafika dukani.

Dalili za kupanga si ngumu kuzijua. Bei zinapandana kwa ngazi zilizo sawa. Kosa moja la hesabu au la tahajia linaonekana kwenye BQ mbili. Waliokosa mwezi huu wanaonekana kwenye mjengo wakifanya kazi chini ya aliyeshinda. Kila mwaka ni makontrakta wale wale, wakipokezana. Dalili moja peke yake si ushahidi, na naomba msimtaje mtu barazani kwa dalili moja. Tatu zikija pamoja, andikeni barua.

Kikundi chenu kikitaka tenda

Akina mama wa kikundi kimoja waliniuliza kama wanaweza kuomba kazi ya kuweka uzio wa shule. Wanaweza. Asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango unaojulikana kama AGPO, ulioanzishwa 2013. Angalau asilimia 70 ya wanachama na viongozi wote wawe wa kundi hilo. Hawadaiwi dhamana ya tenda ya benki, hujaza tu fomu ya ahadi.

Lakini sheria ya jumla iliyosomwa inawabana sawasawa na wakubwa. Karani wenu akiandika 285,000 badala ya 825,000, hiyo 285,000 ndiyo bei yenu. Watu watatu tofauti wajumlishe kabla ya bahasha kufungwa. Na msiandike bei ya kumfurahisha mtu: wekeni ile riba ya kungoja, hata kama pesa zimetoka kwenye kapu la kikundi. Pesa za merry-go-round zikikaa kaunti miezi 8, kuna mama ambaye zamu yake haikufika.

Atakuja pia mtu na gari, mwenye maneno matamu, kuwaomba jina na cheti chenu ili ashinde tenda iliyotengwa, awape kidogo. Akiondoka kwenye linta, jina lililoko kwenye mkataba ni lenu, na kufungiwa tenda za serikali ni kwa muda usiopungua miaka mitatu.

Mnapoanzia

Kabla ya kuandamana, ombeni karatasi. Ofisi inatakiwa kutangaza mikataba iliyotolewa, kwenye ubao wa matangazo na kwenye tovuti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila mwananchi haki ya kuomba, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Andikeni barua, mwenyekiti na katibu watie sahihi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ombeni bei ya mkataba, vipimo, na jumla ya kila sehemu ya BQ: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Mkinyimwa bei ya kila mstari, jumla za sehemu zinatosha. Anayetaka kupinga tenda yenyewe lazima awe aliishindania, na ana siku 14 tu tangu apewe taarifa. Kwa hiyo mkimjua kontrakta wa karibu aliyeonewa, mwambieni asingoje mwezi uishe.

Kisha fanyeni hesabu ile ya linta kwa jengo lenu: kilicholipwa mpaka leo, na gharama ya kazi iliyobaki kwa bei za duka la kwenu. Mwiteni fundi wa kijiji awasaidie, mpeni chai. Kama jengo bado liko kwenye msingi, hesabu hiyo mpeleke kwa mhandisi kabla hajatia sahihi malipo yanayofuata, maana bila sahihi yake hakuna pesa inayotoka.

Kwa mkutano ujao, jadilini hili. Tenda ya dispensari imefunguliwa, na bei tano zimesomwa: 2,250,000, 2,900,000, 2,958,000, 3,016,000, na 3,074,000. Kwanza toeni kila bei kutoka kwa ile inayofuata, mtazame tofauti. Halafu gawanyikeni makundi mawili. La kwanza liandike maswali matatu ya kumwuliza yule wa 2,250,000. La pili liwaulize wale wanne. Mwisho mkutane pamoja mwamue: wa chini akishindwa kujieleza, kazi apewe nani, au tenda itangazwe upya?